Asubuhi ya Lori Huanzia Jioni: Mafunzo Niliyopata Bombo

Kuanzia Juni hadi Agosti, kipupwe kinapoingia, milima ya Upare wa Kusini huwa na asubuhi za aina yake. Ukungu hulala juu ya migomba hadi jua lipande, na umande hudondoka kwenye mabati utadhani mvua imenyesha usiku. Kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kwa takriban nyuzi 6. Ndiyo maana dereva aliyelala Gonja Maore, kule tambarare, hutosheka na shuka, na mwenzake aliyelala na mzigo wa tangawizi juu Bombo huomba blanketi la pili.

Baridi yetu haigandishi maji. Hata hivyo, malori mengi yanayopanda milima hii ni ya umri mkubwa, yamepita mikono mingi, na injini zake haziwezi kustahimili hata baridi ya nyuzi 10. Saa kumi na moja alfajiri wenye mizigo wameshafika na tochi zao, makuli wameshamaliza kupakia, halafu stata inalia mara mbili tatu na kunyamaza. Tangawizi mbichi inasubiri, mnunuzi anapiga simu kutoka mjini Same, na dereva anatafuta watu wa kusukuma.

Nimeendesha malori ya tangawizi na ndizi kutoka Bombo, na kuna misimu niliyokwenda kupakia viazi Njombe na Makete, ambako baridi ni kali zaidi. Huko kote nimejifunza neno moja kubwa: joto la injini ni mali. Anayelitunza jioni hahangaiki kulisaka asubuhi. Mafunzo yafuatayo yote yanatokana na hilo.

1. Dizeli huwashwa na joto

Injini ya petroli ina plagi za cheche. Injini ya dizeli haina. Rudolf Diesel, Mjerumani ambaye injini yake ya kwanza iliyofanya kazi sawasawa ilipimwa Augsburg mwaka 1897, alitegemea jambo moja: ukiibana hewa kwa nguvu, inapata moto. Pistoni ikipanda huibana hewa hadi ibaki sehemu moja kati ya 17 hivi ya ujazo wake. Hewa hiyo hupanda joto hadi nyuzi 500 hivi, nozeli inanyunyiza mafuta, na mafuta yanawaka yenyewe.

Sasa piga hesabu. Hewa iliyoingia ikiwa na nyuzi 30, kama mchana wa Same, ikibanwa hivyo inafika takriban nyuzi 540. Ikiingia na nyuzi 10, inafika kama 490. Yaani nyuzi 20 zinazopungua nje huwa nyuzi 50 ndani ya silinda. Na hiyo ni hesabu ya injini nzima isiyovuja. Kwenye injini iliyochoka, vyuma baridi hunyonya joto la hewa iliyobanwa, na stata ikizungusha polepole hewa hupata muda wa kupenya kwenye ringi zilizolika. Joto linalobaki halitoshi kuwasha mafuta.

Kwa hiyo maadui ni watatu: hewa baridi, chuma baridi na mzunguko wa polepole. Dereva akiwajua hawa watatu, hatakubali kila ushauri wa kijiweni. Atauliza: hili unaloniambia linaongeza joto la hewa, linapasha chuma, au linaharakisha stata? Kama halifanyi mojawapo, linapoteza muda.

2. Kazi ya asubuhi hufanywa jioni

Somo hili nililipata kwa mzee mmoja wa Bombo, dereva wa tangu enzi za malori ya Bedford. Kila alipofika jioni hakuzima lori na kwenda zake. Kwanza aliligeuza likaangalia njia ya kutokea, kisha akalirudisha nyuma ya ukuta wa nyumba, upande ambao upepo wa usiku haupigi. Aliliacha lingurume taratibu kwa dakika chache ili injini iliyotoka kupanda mlima itulie, ndipo akazima. Akatia jiwe mbele na nyuma ya tairi. Akachungulia chini kuona kama kuna oili au mafuta yanayodondoka. Akagusa vichwa vya betri kimoja kimoja, akivitikisa kwa vidole.

Halafu akaenda kula. Aliporudi, bomba la moshi lilikuwa limeshapoa kiasi cha kuweza kulishika kwa mkono. Hapo ndipo alipotoa turubai kuukuu lililokunjwa mara nne akalifunika juu ya injini, na kipande cha boksi akakisimamisha mbele ya rejeta. Utingo wake, kijana aliyekuwa na haraka ya kulala, akamuuliza, "Mzee, si tutalipashia moto asubuhi?" Mzee hakugeuka. "Moto tunao sasa hivi, mwanangu. Usiutupe."

Injini ya lori ni chuma cha mamia ya kilo. Chuma kingi hivyo, kikiwa na oili na maji yake ndani, hakipoi kwa saa moja. Kikikingwa na upepo na kufunikwa, kinaweza kufika alfajiri kikiwa bado kimebakiza joto fulani juu ya baridi ya nje. Na kwa hesabu ya somo la kwanza, kila nyuzi moja unayoihifadhi kwenye hewa inayoingia silindani hurudi kwako mara mbili na nusu pistoni inapopanda. Turubai kuukuu halina gharama.

Mambo mawili ya kushika. Usifunike injini bomba la moshi likiwa bado la moto, maana turubai na oili iliyomwagika vikikutana na chuma cha moto, lori linaungua. Na asubuhi, kabla ya kupiga stata, hakikisha kitambaa chote kimetoka, kisije kikakamatwa na feni.

Jaza tangi jioni pia ukiweza. Tangi lililo nusu tupu lina hewa, na hewa ya mlimani ina unyevu mwingi. Usiku unyevu huo hugeuka matone ukutani mwa tangi, matone yanashuka kwenye dizeli, na maji hayo huishia kwenye chujio na pampu ya nozeli. Chini ya chujio la maji kuna kizibo. Kifungue mara kwa mara, acha kidogo kimwagike kwenye kopo, uone kinachotoka.

3. Tambarare huua betri, mlima hutangaza msiba

Madereva wengi husema baridi ya Bombo imeua betri. Ukweli ni kwamba betri hufa kwa joto. Jua la Same na safari za Dar es Salaam hukausha maji ya betri na kula sahani zake za risasi polepole. Lakini kukiwa na joto injini hushikika kirahisi, kwa hiyo hata betri mgonjwa inafaulu. Ikipanda mlimani ikakutana na oili nzito na chuma baridi, inatakiwa itoe nguvu zaidi wakati yenyewe ina nguvu pungufu. Betri ya asidi ikiwa kwenye nyuzi sifuri hupoteza kama sehemu moja ya tano ya uwezo wake. Bombo hatufiki huko, ila betri iliyobakiza nusu haihitaji kufika huko ndipo ishindwe.

Malori yetu mengi yana betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kupata 24. Moja ikichoka huivuta na mwenzake, na kubadilisha moja tu ni kuiozesha betri mpya kwa mzee. Zinunuliwe pamoja. Vichwa visuguliwe mpaka vingʼae, vikazwe, vipakwe grisi. Waya wa ethi unaokwenda kwenye chesi ukaguliwe nao, maana kutu ya hapo hula nguvu nyingi na hakuna anayeiona.

Na stata ipigwe kwa adabu: sekunde 10 hadi 15, kisha pumzika dakika nzima, ndipo ujaribu tena. Anayeng'ang'ania ufunguo bila kuachia anachoma stata na kumaliza betri kwa mkupuo mmoja, na baada ya hapo hata injini ikiwa tayari hakuna wa kuizungusha. Betri ikiwa dhaifu na usiku ukiwa mkali, ifungue ulale nayo ndani ya nyumba, mahali penye hewa na mbali na moto. Betri yenye joto huamka vizuri.

4. Plagi za hita zipimwe moja moja

Kwenye Canter na malori mengine madogo utakuta plagi za hita, moja kwa kila silinda. Hazitoi cheche. Ncha yake huiva ikawa nyekundu na kupasha hewa iliyo silindani kabla hujapiga stata. Kwenye dashibodi kuna taa ya njano yenye alama ya springi. Taa ikiwaka, subiri. Kwenye injini za zamani kusubiri huko kunaweza kuchukua sekunde 15 au 20, na kwa dereva mwenye haraka huonekana kama saa nzima. Ikizima, piga stata hapo hapo, joto lisipotee. Injini nyingine kubwa hazina plagi hizi, badala yake zina hita kwenye njia ya kuingizia hewa. Kazi ni ile ile.

Tatizo la plagi za hita ni kwamba zinakufa kimyakimya. Moja ikifa, injini bado inawaka kwa silinda tatu, inatetemeka kidogo, inatoa moshi mweupe, halafu inatulia. Dereva anasema ndiyo tabia yake. Ya pili ikifa, ndipo siku ya ukungu mkubwa lori linagoma.

Kuzipima hakuhitaji kompyuta. Toa waya au bamba linaloziunganisha. Chukua taa ya kupimia, upande mmoja ushike kwenye chanya ya betri, ncha nyingine iguse kichwa cha plagi. Taa ikiwaka, plagi inapitisha umeme. Isipowaka, imekufa. Fundi makini huitoa kabisa na kuitazama ikiiva, maana kuna inayopitisha umeme na bado ncha yake imeoza. Kama zote ni nzima na hazipati moto, angalia rilei na fyuzi yake. Nimeona malori yanayosukumwa kila alfajiri kwa sababu ya rilei moja, na kila siku watu walilaumu mlima.

5. Thamostati si adui

Kuna desturi gereji nyingi: lori likichemsha, fundi anatoa thamostati na kuitupa. Anasema sisi ni watu wa nchi ya joto, kifaa hiki ni cha Wazungu. Maneno haya yameharibu injini nyingi.

Thamostati ni mlango. Injini ikiwa baridi, mlango umefungwa, maji yanazunguka ndani ya injini tu yakipata joto upesi. Yakifikia takriban nyuzi 80, mlango unafunguka na maji yanakwenda kupoa kwenye rejeta. Ukiutoa, maji yanakimbilia kwenye rejeta tangu dakika ya kwanza. Ukishuka kutoka Bombo asubuhi, mguu umeuinua kwenye mafuta, upepo wa ukungu unapiga rejeta, injini inaweza kufika tambarare bila kupata joto lake. Injini inayofanya kazi ikiwa baridi haichomi mafuta yote. Mabaki yanaosha oili kwenye kuta za silinda, yanateremka hadi kwenye oili iliyo chini na kuifanya nyepesi, na ringi zinalika. Ringi zikishalika, joto la kubana linapungua, na kuwasha asubuhi kunazidi kuwa kugumu. Umekata mti uliokuwa unakupa kivuli.

Lori likichemsha, tafuta sababu: rejeta iliyoziba, feni belti iliyolegea, pampu ya maji, gasketi. Thamostati mbovu ibadilishwe kwa mpya. Kabla ya kuifunga, itie kwenye sufuria ya maji jikoni uone kama inafunguka maji yanapokaribia kuchemka.

Na rejeta iwekwe kulanti badala ya maji ya mtoni. Bombo huihitaji kwa ajili ya kutu. Anayekwenda Makete au Uwanda wa Kitulo, ambako sakitu huonekana kwenye majani alfajiri, anaihitaji kwa ajili ya kuganda pia. Maji yakiganda hutanuka, na chuma cha injini hupasuka. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu hulinda hadi nyuzi 37 chini ya sifuri, zaidi ya baridi yoyote utakayokutana nayo Tanzania.

6. Soma namba ya oili

Oili nene hupendwa na wenye malori makuukuu kwa kuwa hupunguza uvujaji na kelele. Lakini oili ya namba 50, ikikaa usiku kucha mlimani, huwa kama asali ya kwenye chupa. Stata inapozungusha injini inapigana na uzito huo kabla hata ya kuanza kubana hewa. Mzunguko unakuwa wa polepole, na yule adui wa tatu ameingia.

Kwenye galoni utaona namba kama 15W-40. Namba ya kwanza yenye W inaeleza jinsi oili inavyotiririka ikiwa baridi, na ya pili inaeleza unene wake ikiwa ya moto. Oili ya aina hii huwa nyepesi alfajiri na bado hulinda injini mchana ikipanda na mzigo. Kwa malori mengi yanayolala mlimani inatosha kabisa, ila fuata kitabu cha gari lako. Mwenye lori anayesema injini yake haiwezi oili hiyo kwa sababu inavuja, anachohitaji ni sili mpya.

7. Moto chini ya injini ni kucheza na roho za watu

Hapa nasema kwa uzito wote. Jiko la mkaa chini ya bakuli la oili, gazeti linalowaka mbele ya njia ya hewa, kitambaa kilicholoweshwa petroli: haya yote nimeyaona, na yote yanaweza kuondoka na lori, mzigo na mtu.

Chini ya injini kuukuu pana oili, dizeli, vumbi na nyaya zilizochubuka. Cheche moja inatosha. Petroli au dawa ya kunyunyiza ya kuwashia injini ikiingia kwenye injini yenye plagi za hita zilizoiva, inaweza kulipuka kabla ya wakati wake, ikavunja ringi na kupinda pistoni. Injini iliyozoeshwa dawa hiyo hudhoofika mpaka haiwaki bila hiyo. Maji yanayochemka yakimwagwa kwenye chuma baridi yanaweza kukipasua.

Katika nchi za baridi kali walipitia njia hizi hizi. Zamani, kabla ya kulanti kuenea, madereva walimwaga maji ya rejeta jioni na asubuhi wakajaza maji ya vuguvugu taratibu. Baadaye wakapata njia safi zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1940, Andrew Freeman wa North Dakota, Marekani, alitengeneza hita ya umeme ya kufunga kwenye injini. Leo Winnipeg na Edmonton, kule Kanada, magari yana waya unaotokeza mbele, na kwenye maegesho kuna soketi za kuchomeka usiku. Wenzetu wa Afrika Mashariki wanaoendesha malori Minnesota na Kanada wanalijua hilo. Yapo pia majiko madogo ya dizeli yanayopasha maji ya injini, ya Webasto na Eberspächer, ambayo moto wake umefungiwa ndani ya chombo chake.

Angalia walichofanya: hawakuacha kupasha chuma, waliutoa moto wa wazi. Kijiji kikiwa na umeme, mwenye malori kadhaa anayelaza magari mlimani msimu mzima anaweza kufunga hita ya injini, saa mbili au tatu kabla ya safari zikatosha. Afungiwe na fundi umeme, waya uwe mzito wenye ethi, na kiunganishi kisilale kwenye matope. Kwa mwenye lori moja zima, turubai na plagi nzima vinatosha.

8. Mtelemko ni akiba ya mwisho

Milimani tumezoea kulaza lori kwenye mtelemko ili asubuhi liwashwe kwa kuliachia. Njia hii imetuokoa sana, na imeua pia. Lori ambalo injini yake haijawaka halina msaada wa breki wala wa usukani. Lenye breki za upepo likiwa halina upepo, ama haliondoki kabisa, ama linaondoka na breki ambayo haiwezi kulisimamisha. Na barabara ya kushuka kwenda Maore ina kona zake.

Kama ni lazima, chagua mtelemko mfupi unaoishia mahali pa tambarare au kwenye kilima kidogo. Usiachie lori lenye mzigo kuelekea kwenye kona. Watu wakae kando, wasikae mbele. Na siku hiyo hiyo, ukifika Same, tengeneza kilichokufanya uachie. Lori linalohitaji mtelemko kila siku ni gonjwa.

9. Sikiliza ugonjwa, usisingizie baridi

Moshi ni ripoti. Moshi mweupe unaochoma macho wakati stata inazungusha maana yake mafuta yanafika silindani ila hayawaki: joto halitoshi, angalia plagi za hita na mgandamizo. Ukizungusha na hakuna moshi wowote, mafuta hayafiki. Hapo hata ungepasha injini mpaka adhuhuri haitawaka. Mara nyingi usiku dizeli imerudi kwenye tangi kwa sababu washa au mpira mmoja unavuta hewa, hasa lori likiwa limelala kichwa juu. Pampu ya mkono ikikandamizwa mpaka iwe ngumu, na hewa ikatolewa, linawaka. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Mweusi mzito baada ya kuwaka ni nozeli zinazomwaga badala ya kunyunyiza, au chujio la hewa lililoziba.

Mafuta yenyewe nayo ni sehemu ya habari. Wapo wanaochanganya mafuta ya taa, wengine wakidai yanasaidia kwenye baridi. Ni kweli kwamba katika nchi za theluji dizeli huganda nta yake, na mafuta mepesi yalitumika kuizuia. Bombo hatuna baridi ya kugandisha nta. Tunachopata ni pampu na nozeli kukosa ulainisho na kusagika. Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu ya uchakachuaji. Nunua mahali unapopaamini, hata ukilazimika kupanda na mafuta yako kutoka chini.

10. Likishawaka, lipe muda, kisha liende

Injini ikishika, usikanyage mafuta. Oili bado haijafika juu kwenye valvu. Ngoja taa ya oili izime, mngurumo utulie, gaji ya upepo wa breki ifike mahali pake. Hizo dakika chache zitumie kuzunguka lori: tairi, kamba za mzigo, taa.

Lakini usiliache lingurume saa nzima ukidhani linapata joto. Dizeli isiyo na kazi hupata joto polepole mno. Inapata joto ikienda. Ondoka kwa gia ndogo, bila kuisukuma, mpaka mshale wa joto upande. Vivyo hivyo, kuliacha liwake usiku kucha ili lisigome asubuhi ni hasara: lori kubwa linaweza kunywa lita 2 au 3 kwa saa likiwa limesimama, na masizi yanajaa ndani.

11. Binadamu naye atunzwe

Dereva na utingo hulala kwenye kichwa cha lori, vioo vimefungwa, na baridi inapenya. Kishawishi cha kuingiza jiko la mkaa ni kikubwa. Tafadhali, usithubutu. Mkaa unaowaka mahali palipofungwa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Haimwamshi mtu. Humlaza moja kwa moja. Moshi wa injini iliyoachwa ikiwaka huku bomba limetoboka hufanya kazi ile ile. Blanketi zito, soksi, kofia, chupa ya chai ya tangawizi, na kama inawezekana chumba cha kulala: hivyo ndivyo vya kumpa mtu joto. Mwenye lori anayetoa fedha ya betri aitoe na ya chumba.

Mei ndio mwezi wenyewe

Masika yanapoisha na kabla kipupwe hakijakaza, kuna majuma machache ya kujiandaa. Mei ipimwe betri, zikaguliwe plagi za hita na rilei yake, irudishwe thamostati iliyotupwa, oili iwe ya namba sahihi, chujio la maji limwagwe, na mpira unaovuta hewa ukazwe. Orodha yote hii ni kazi ya siku moja gereji Same, na haifikii hasara ya injini moja iliyopasuka au shehena moja ya tangawizi iliyochelewa soko.

Wenye malori, msiwaachie madereva wenu mkaa na petroli kuwa ndiyo nyenzo ya alfajiri. Wanapoomba fedha ya plagi mwezi Mei, wapeni. Na sisi madereva tunapofika mlimani jioni, tumechoka, injini bado ya moto, tuikumbuke kazi hii ndogo kabla ya kwenda kula. Hiyo ndiyo saa ambayo lori la kesho linawashwa.